Serikali ikiweka kikomo cha kodi za nyumba Mbeya, vyumba vya kupanga vitaongezeka au vitapungua?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nimepanga chumba na sebule Soweto, hapa Mbeya jijini, huu ni mwaka wa tatu. Nilianza na 100,000 kwa mwezi, ikaja 120,000, na juzi mama mwenye nyumba kanipigia simu kwamba mkataba ujao ni 150,000, tena anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nikiangalia kilichoongezeka sikioni, bomba la uani lenyewe bado maji ni ya mgao. EWURA wanatangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi na vituo vyote vinafuata. Kwa nini serikali isifanye hivyo kwenye kodi za nyumba? Na ikifanya, ni kweli wanavyosema wenzangu kazini kwamba vyumba vitaadimika?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wako sahihi nusu. Kikomo kigumu cha kodi kingekusaidia wewe ambaye tayari umo ndani, na msaada huo si wa kubeza. Ila kingemkwaza muuguzi mwenzako atakayehamishiwa Mbeya mwakani akakuta hakuna chumba. Anayeumia ni mtu ambaye bado hajafika mjini, ndiyo maana mjadala wa kikomo huwa mtamu sana kwa walio ndani.

Nianze na mafuta, maana mfano wako ni mzuri na watu wengi huutumia. Bei kikomo ya EWURA haishikilii bei palepale. Ni hesabu: bei ya mafuta soko la dunia, gharama za kuyaleta hadi bandarini, kodi na tozo za serikali, usafirishaji hadi mkoa husika, na faida ya mwagizaji na ya mwenye kituo. Vyote vinaingizwa, kisha kila mwezi hesabu inapigwa upya. Dola ikipanda, bei inapanda. Ndiyo maana lita ya petroli Mbeya ni ghali kuliko Dar es Salaam na hakuna anayemshitaki mwenye sheli. Zaidi ya hapo, lita ni lita. Dizeli ya Uyole na ya Mafinga ni ileile, lakini chumba cha Uyole chenye choo ndani na maji ya uhakika hakilingani na chumba cha Uyole chenye choo cha shimo kinachochangiwa na kaya sita. Ukitaka kuweka kikomo cha kodi kwa mtindo wa EWURA itabidi mtu aingie kila uani, apime, aandike, na arudi mwakani. Halmashauri zetu bado zinahangaika kuhesabu majengo yenyewe, sembuse kupima ubora wa kila chumba.

Kwa hiyo kikomo ambacho wanasiasa huwa wanakifikiria hakifanani na cha mafuta. Kinafanana zaidi na bei elekezi ya sukari ya mwanzoni mwa 2024, ambapo bei ilikuwepo kwenye tangazo na sukari haikuwepo dukani. Mvua ndizo zilizovuruga uzalishaji, hilo halina ubishi, lakini bei elekezi haikuongeza hata kilo moja.

Sasa tuje kwenye kiini. Mbeya inajengwa na nani? Sensa ya 2012 ilikuta jiji hili lina watu 385,000 na ushee. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 541,000. Ni ongezeko la takriban watu wanne kwa kila kumi waliokuwepo, ndani ya miaka kumi tu. Hao wote wamelala wapi? Si kwenye maghorofa ya Shirika la Nyumba la Taifa, wala kwenye miradi ya makampuni ya ujenzi, maana hayo ukiyahesabu hapa hayamalizi vidole. Wamelala kwenye vyumba vilivyojengwa na mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa Mwanjelwa, mkulima wa viazi wa Isangati aliyepata msimu mzuri, mfanyakazi wa TAZARA aliyepokea mafao, mama wa mchele anayechukua mzigo Usangu. Watu hawa hawakopi benki kujenga, kwa sababu mkopo wa nyumba una riba ya tarakimu mbili na unadai hati ambayo kiwanja chao hakina. Wanajenga kwa awamu. Mwaka huu tofali za kuchoma na msingi. Mwakani kuta hadi kwenye renta, halafu pesa inakata, jengo linabaki boma.

Panda siku moja Isyesye au Itezi uangalie. Utaona maboma mengi yenye kuta nzima, milango na madirisha yamekaa wazi, nyasi zimeota ndani hadi kiunoni, na kwenye chumba cha mbele mtu kapanda mahindi. Hivyo ni vyumba vya kupanga ambavyo vimekosa mbao, bati na milango. Kuta zimeshalipiwa, kilichobaki ni uamuzi wa mwenyewe kama inafaa kuzika milioni nyingine nne au tano pale, au azipeleke kwenye bodaboda mbili, shamba la parachichi au hisa. Uamuzi huo anaufanya kwa kuangalia kodi atakayoipata. Kikomo cha kodi kinagusa hapo kabla hakijagusa kwingine popote, na hakionekani, kwa sababu boma ambalo halikuezekwa halipigi kelele wala haliandikwi kwenye takwimu.

Nikupe hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mtu amejenga vyumba vinne vya kawaida, pamoja na choo, umeme na maji, vikamgharimu milioni 24. Anapangisha 50,000 kila kimoja. Kwa mwaka ni milioni 2.4, vikiwa vimejaa muda wote. Toa matengenezo, miezi ambayo chumba kinakaa kitupu, kunyonya choo na rangi, tuseme 400,000. Anabaki na milioni 2. Mtaji wake utarudi baada ya miaka 12. Sasa iwekwe kikomo cha 40,000. Mapato yanashuka hadi milioni 1.92, lakini choo hakinyonywi kwa bei ya kikomo, fundi hapunguzi bei, na bati nalo lina bei yake. Gharama zinabaki 400,000. Anabaki na milioni 1.52, na mtaji unarudi karibu mwaka wa 16. Wewe mpangaji umeokoa asilimia 20. Yeye amepoteza asilimia 24 ya kinachobaki mfukoni. Halafu kama kikomo kimegandishwa na bei za vitu vingine zinapanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka, baada ya miaka kumi kodi hiyo ya 40,000 itakuwa na nguvu ya takriban 27,000 ya leo. Mtu wa aina hii havunji nyumba yake. Anaacha tu kuongeza chumba cha tano.

Na nyumba iliyopo? Wenye nyumba si mawe, wanasogea. Chumba cha mbele kilicho karibu na barabara pale Kabwe au Mama John kinageuka fremu ndani ya wiki moja: unavunja dirisha, unaweka mlango wa geti, imekwisha. Nyumba kubwa inageuka gesti. Mwingine anauza kwa mtu atakayeishi mwenyewe, mwingine anamweka mpwa wake. Anayebaki kupangisha anaacha kuziba bati linalovuja, kwa sababu anajua wapangaji wanaotaka chumba hicho ni kumi. Wengine wanadai cha pembeni: kodi kwenye mkataba ni ile ya serikali, na kuna bahasha kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Hilo la mwisho wazee wa mjini watakuambia walikuwa na jina lake: kilemba. Maana nchi hii haijaanza leo kudhibiti kodi, na huwa nashangaa mjadala unavyoendeshwa kana kwamba ni wazo jipya. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo yalikuwa yanapangishwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya kudhibiti kodi za pango, yenye mabaraza ya nyumba yaliyokuwa yanapanga kodi halali na kuamua kama mpangaji anaweza kuondolewa. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 2005.

Ilifanya nini? Kwenye majengo ya katikati ya miji iliwapa wapangaji usalama wa kweli. Familia zilikaa mahali pamoja miaka mingi kwa kodi ndogo. Lakini kodi hiyo haikutosha hata kupaka rangi, na ukitazama majengo mengi ya enzi hizo mijini utaona plasta imebanduka na mifereji ya bati imeoza. Mtu akiondoka hakuwa anarudisha ufunguo kwa mwenye mali. Alimwachia mwingine kwa kilemba, au alimpangisha kwa bei ya soko huku yeye akiendelea kulipa ile ya zamani. Nafuu iliyokusudiwa mtu wa kipato cha chini ikaishia kwa aliyewahi. Na huko uswahilini, ambako wengi ndiko walikopanga, sheria haikufika kwa kishindo. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na mama mwenye nyumba na mpangaji wake hawakuwa na habari na baraza. Ninaamini ndiyo sababu miji yetu iliendelea kujengwa miaka ile yote: sehemu kubwa ya wajenzi walikuwa nje ya macho ya sheria. Leo kila mita ya luku inajulikana na miamala inapita kwenye simu. Sheria kama ile ikirudi sasa itauma kwa namna ambayo ya 1984 haikuuma.

Nje ya nchi, utafiti ninaouamini kuliko mwingine ni wa San Francisco, Marekani. Mwaka 1994 wapiga kura wa mji ule waliamua kikomo cha kodi kifike hadi kwenye nyumba ndogo za wapangaji wachache ambazo zilikuwa zimesamehewa, ila kwa zile tu zilizojengwa kabla ya 1980. Hapo watafiti watatu, Diamond, McQuade na Qian, walipata nafasi nzuri ya kulinganisha: nyumba mbili mtaa mmoja, moja ya 1978 imebanwa, nyingine ya 1982 haijabanwa. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2019. Wapangaji waliolindwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kati ya asilimia 10 na 20, wa kuendelea kuishi palepale miaka ya baadaye. Hiyo ni faida, hasa kwa wazee, na mtu akikuambia kikomo hakimsaidii yeyote, anakudanganya. Lakini wenye nyumba waliobanwa walipunguza vyumba vya kupangisha kwa asilimia 15, wakiviuza kwa watu wa kuishi wenyewe au kubomoa na kujenga upya. Upungufu huo ukapandisha kodi ya mji mzima kwa takriban asilimia 5. Yaani walichookoa waliolindwa, walikilipa kwa sehemu kubwa wapangaji waliokuja nyuma yao.

Mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 ulipiga kura kuzuia kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, hata kwa nyumba ambazo hazijajengwa bado. Maombi ya vibali vya kujenga nyumba za kupangisha yaliporomoka ndani ya miezi michache, na mwaka uliofuata baraza la mji likalazimika kuzisamehe nyumba mpya kwa miaka 20. Berlin nayo iligandisha kodi mwaka 2020. Kodi zilishuka kweli, na matangazo ya nyumba zilizoguswa yakapungua kwa zaidi ya nusu, hadi mahakama ya katiba ya Ujerumani ilipoifuta sheria hiyo Aprili 2021 kwa hoja kwamba mji hauna mamlaka ya kuitunga.

Lakini Ujerumani hiyohiyo ina breki nyingine ya kodi tangu 2015. Mkataba mpya haupaswi kuzidi kiwango cha mtaa kwa zaidi ya asilimia 10, na nyumba mpya haziguswi kabisa. Ujenzi haukuanguka kwa sababu yake. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2019 liliruhusu kodi ipande kwa mfumuko wa bei na asilimia 7 juu yake, na nyumba yenye umri chini ya miaka 15 iko huru. Hapo tuko mbali sana na kugandisha. Ninachotaka ukione ni hiki: watu wanabishana kama kikomo ni kizuri au kibaya, wakati jibu liko kwenye maswali mawili ya kiufundi. Je, nyumba mpya imesamehewa, na mwenye nyumba anaamini msamaha huo hautafutwa baada ya uchaguzi ujao? Na je, kodi inaruhusiwa kupanda sambamba na gharama? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, madhara kwa ujenzi yanakuwa madogo, na kwa kweli nafuu kwa mpangaji nayo inakuwa ndogo.

Hapa kwetu swali la kwanza ndilo gumu. Nyumba mpya ni ipi? Boma lililoanza 2014, likaezekwa 2021, likapigwa plasta mwaka jana, lina umri gani? Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa hazina kibali cha ujenzi chenye tarehe ya kukamilika. Hazikamiliki kamwe, zinaongezewa chumba kila zikipata pumzi.

Sasa nije kwenye hili la miezi sita, kwa sababu ndilo linalowaumiza wapangaji wengi kuliko kodi yenyewe. Unapokea mshahara wa mwezi mmoja na unadaiwa pango la miezi sita. Kwako ni 900,000 kwa siku moja, na juu yake, ukihama, kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Ni wazi kwamba ni mzigo. Viongozi wameshaukemea mara nyingi, na kila wakiukemea unapigiwa makofi, kisha maisha yanaendelea vilevile. Sababu moja haisemwi. Ile pesa ya miezi sita ndiyo benki ya mjenzi mdogo. Mama mwenye nyumba wako akipokea 900,000 kwako na 900,000 kwa jirani yako, ananunua bati za kuezeka boma la nyuma. Akipokea 150,000 kila mwezi, inaingia sokoni, ada, msiba, imekwisha. Wapangaji wa leo wanamkopesha mjenzi bila riba, na chumba cha kesho kinatokana na mkopo huo. Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, anayelipa pango la mwaka mzima kule Iyunga mwezi wa vyuo kufunguliwa, au mwenzake wa Kihesa kule Iringa, anamjengea chumba mwanafunzi wa mwakani.

Sisemi hivyo kuitetea. Ni mfumo mbaya, kwa sababu anayekopesha ndiye maskini zaidi na hapewi chochote kwa mkopo wake, hata punguzo. Ningekuwa na kalamu ya kutunga sheria ningeipunguza hadi miezi mitatu kwa vyumba vya makazi, na ningekubali mapema kwamba kasi ya kuezeka maboma itapungua kidogo, nikatafuta pa kuifidia. Pa kuifidia papo. Saccos za walimu, wauguzi na wafanyabiashara zinaweza kutoa mkopo mdogo wa kumalizia jengo, wa miaka miwili, dhamana ikiwa mkataba wa pango. Mkopo wa milioni tano wa kuezeka unaleta vyumba sokoni haraka kuliko mkopo wa milioni hamsini wa kuanza msingi.

La pili ni viwanja na maji. Jiji letu limebanwa na milima upande wa kaskazini, Loleza na Kilele cha Mbeya havisogei, kwa hiyo mji unatambaa kandokando ya barabara kuu kutoka Uyole kuelekea Mbalizi. Kila mtu anataka kukaa karibu na barabara hiyo, na bei ya kodi inafuata umbali huo. Upanuzi wa barabara kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi una maana kubwa kwa kodi yako kuliko tangazo lolote la bei elekezi, kwa sababu chumba cha Nsalaga kinapokuwa dakika chache kutoka Soweto, mama mwenye nyumba wako anapata mshindani. Bomba la maji likipelekwa mtaa mpya wa pembezoni, vyumba mia vilivyokuwa havipangiki vinapangika. Na chuo kikiongeza wanafunzi bila kuongeza mabweni, wale wanafunzi wanahamia kwenye foleni moja na wewe; ningependa kila chuo kinachopanua udahili kiulizwe watalala wapi.

Kuhusu sheria iliyopo leo: usidhani kwamba kufutwa kwa ile ya 1984 kulikuacha uchi. Sheria ya Ardhi ya 1999 bado inatambua upangaji hata usio na mkataba mrefu. Kama unalipa kwa vipindi, mwenye nyumba anayetaka kuuvunja upangaji huo anapaswa kukupa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha malipo. Ana wajibu wa kukuacha uishi kwa amani, na wa kutunza paa na kuta. Hawezi kung'oa mlango au kukata umeme ili utoke. Mgogoro ukitokea unaanzia usuluhishi kwenye baraza la kata, na uamuzi unatolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ambacho sheria haifanyi ni kumzuia kupandisha bei mkataba unapoisha. Hapo mmebaki wawili, wewe na yeye.

Basi tuzungumze hilo la wewe na yeye. Kupanda kutoka 100,000 hadi 150,000 ndani ya miaka mitatu ni nusu nzima, na bei za vitu kwa ujumla nchini hazikupanda hata robo ya hapo. Kwa hiyo si gharama tu inayomsukuma. Anaona wateja wapo. Lakini yeye naye ana hofu zake na hesabu yake ina tundu. Akikutoa, chumba kikakaa kitupu mwezi mmoja, amepoteza 150,000. Itabidi apake rangi, na hajui anayekuja ni mtu wa namna gani. Wewe umelipa miaka mitatu bila usumbufu, na katika biashara hii mpangaji wa hivyo ana bei.

Usimwambie kwamba anakuonea, wala usimtajie serikali. Mpelekee pendekezo: 135,000 kwa mwezi, mkataba wa maandishi wa miaka miwili, na mwaka wa pili nyongeza isizidi 7,000. Akishikilia 150,000, tofauti ni 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Mwezi mmoja tu wa chumba kitupu unamla karibu yote. Mwonyeshe hesabu hiyo kwa upole, ukiwa umekaa sebuleni kwake na si kwa simu. Kuhusu miezi sita, mwambie utatoa mitatu kila mara, au utoe sita kwa sharti kwamba kodi ishuke hadi 130,000, maana pesa inayotangulia ina thamani na yeye anaijua. Kama ana boma la nyuma, muulize limebakiza nini. Ukisikia ni bati, una nguvu ya kujadiliana kuliko ulivyodhani.

Mkataba ukiandikwa, mashahidi wawe wawili na nakala moja ibaki kwako. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuushuhudia. Bomba la uani liandikwe humo, nani analitengeneza na ndani ya siku ngapi. Na luku pia: tangu Julai 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme, na ni kodi ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka kwa mita moja. Kama mita ni yako peke yako, tunza risiti za miaka hii mitatu na uziweke mezani mnapopatana bei, kabla hujatoa senti ya mkataba mpya.